Wakristo Waliokataa Kuapa

SHAHIDI aingiapo kizimbani katika mahakama zetu, jambo la kwanza aulizwalo si aliona nini wala alikuwa wapi. Huulizwa dini yake. Akiwa Mwislamu huletewa Kurani, akiwa Mkristo huletewa Biblia, kisha huapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu kwamba ushahidi atakaoutoa ni wa kweli. Desturi hii tumeizoea mno, hata hatudhani kwamba yuko mtu, tena mcha Mungu, awezaye kukirudisha Kitabu kwa karani na kusema, "Mimi siapi."

Hata hivyo sheria ya Kenya inamjua mtu huyo. Sheria ya viapo humruhusu mwenye kupinga kuapa kwa sababu ya imani yake athibitishe tu, yaani aahidi kwa taadhima kusema kweli pasipo kumtaja Mungu wala kushika Kitabu. Uthibitisho huo una nguvu ile ile ya kiapo, na mwenye kudanganya baada ya kuthibitisha hushtakiwa sawasawa na aliyeapa. Hata Katiba ya mwaka 2010, katika maneno ambayo Rais hutakiwa ayatamke siku ya kushika madaraka, imeacha njia mbili: kuapa au kuthibitisha.

Yamkini msomaji atafikiri kwamba mlango huo ulifunguliwa kwa ajili ya wasiokuwa na dini. Siyo. Waliougonga kwanza mpaka ukafunguka, na wakafungwa jela na kunyang'anywa mali zao kabla haujafunguka, walikuwa ni Wakristo walioamini kwamba Mungu amewakataza kuapa kabisa.

Wakristo hao hujiita Marafiki, na kwa Kiingereza ni mashuhuri kwa jina la Quaker. Sisi wa Pwani hatuwajui sana kwa kuwa makao yao hapa nchini yako mbali nasi, Kaimosi katika upande wa Vihiga. Lakini Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote ulimwenguni, na wamishenari wao wa kwanza wa Kaimosi, vijana watatu kutoka Marekani walioitwa Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipitia bandari yetu ya Mombasa mwaka 1902 kabla ya kupanda gari la moshi kwenda Kisumu. Na kabla ya hao walikuwako Marafiki wengine waliofika karibu nasi zaidi, kisiwani Pemba. Habari za hao tutazifikia.

Asili ya Marafiki ni Uingereza, katikati ya karne ya 17, wakati nchi hiyo ilipokuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na kila kijiji kina mhubiri wake. Mmoja wa wahubiri hao alikuwa George Fox, aliyezaliwa mwaka 1624, mtoto wa mfumaji nguo ambaye mwenyewe alijifunza kazi ya ushonaji viatu. Fox alifundisha kwamba kila mtu ana nuru ya Mungu ndani yake na hahitaji padri wa kumwombea. Mwaka 1650 alipofikishwa mbele ya hakimu mjini Derby alimwambia hakimu huyo atetemeke mbele ya neno la Mungu, na hakimu kwa kejeli akawaita yeye na wenzake "watetemekaji". Hiyo ndiyo maana ya neno Quaker, na jina la matusi likawa ndilo jina la kudumu.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Nabii Isa (a.s.) ananukuliwa akiwakataza wafuasi wake wasiape kwa mbingu wala kwa ardhi, wala kwa Jerusalem, wala hata kwa vichwa vyao wenyewe, bali akiulizwa mtu jambo, akubali au akatae, basi. Wakristo walio wengi hawakuyachukua maneno haya kwa dhahiri yake. Kanisa la Kiingereza limeandika wazi katika kanuni zake 39 kwamba Mkristo anaweza kuapa atakwapo na mtawala kwa jambo la haki, na Wakatoliki vile vile huapa. Marafiki, na wachache wengine kama Wamenoni, waliyachukua kama yalivyo.

Lakini hoja yao haikuwa ya andiko tu. Walisema kwamba kiapo kinazigawa kweli mafungu mawili: iko kweli ya kuapia, na iko kweli ya siku zote ambayo haina uzito sana. Mtu akiapa leo mbele ya hakimu kwamba atasema kweli, je, jana alipokuwa sokoni alikuwa akisema nini? Kwao wao kumwapisha mtu ni kama kumwambia kwamba maneno yake mengine yote tuna ruhusa ya kuyatilia shaka.

Mwislamu akilisikia jambo hili hawezi kulikubali lote, wala hawezi kulitupa lote. Kwetu kiapo kinajuzu, na katika hukumu kina mahali pake. Lakini hakikuachwa ovyo. Katika Surat al-Maida tumeelezwa kwamba maneno ya kuapa yanayomponyoka mtu ulimini bila ya kukusudia hayahesabiwi, bali kiapo kilichofungwa kwa nia kikivunjwa kina kafara yake: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hayo afunge siku tatu. Mtume (s.a.w.) naye aliwaonya wafanya biashara kuhusu viapo vingi vya kuuzia bidhaa, kwamba hutoa mali dukani na kuondoa baraka yake. Alihesabu pia kuvunja ahadi miongoni mwa alama za mnafiki, pamoja na uongo na kuhini amana.

Sasa tembea Marikiti asubuhi yoyote usikilize. Muuzaji anaapa wallahi hata mtaji wake haujarudi. Mnunuzi anaapa wallahi hana hata senti zaidi. Kila mmoja anajua kwamba mwenziwe hasemi kweli, na baada ya dakika mbili wanapatana kwa bei ambayo wote wawili waliapa kuwa haiwezekani. Jina la Mwenyezi Mungu limekuwa kama mawe ya mizani. Nafikiri George Fox angelipita hapo asingelitoa hotuba mpya. Angelirudia ile ile aliyoitoa katika masoko ya kwao.

Marafiki wa kwanza walikuwa wakaidi katika mambo mengi ya ulimi, na mengine yanachekesha. Walikataa kumvulia mtu kofia, na walikataa kumwita mtu "mtukufu" kama hawakuuona utukufu wake. Hapo wangelipata taabu kubwa Lamu au Mombasa, ambako mtoto asiyesema shikamoo huambiwa hakufunzwa adabu. Walikataa pia majina ya Kiingereza ya siku za wiki, kwa kuwa yametokana na jua, mwezi na miungu ya kale. Wakawa wakizihesabu kwa nambari, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Mswahili, anayehesabu Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, amekuwa akifanya hivyo hivyo bila ya kugombana na mtu. Lakini ukaidi wote huo ulikuwa na mzizi mmoja: ulimi usitamke ambalo moyo haulijui.

Gharama ya ukaidi huo ilikuwa kubwa. Mfalme Charles II alirudishwa kwenye kiti mwaka 1660, na watawala wake walikuwa na hofu ya maasi. Mwaka 1662 Bunge lilipitisha sheria iliyowalenga Marafiki hasa, ya kuwaadhibu wanaokataa kiapo na wanaokutana kwa ibada yao. Mahakimu wakagundua mtego mwepesi. Rafiki aliyeletwa mbele yao kwa jambo lolote, hata likikosa ushahidi, aliambiwa aape kiapo cha utiifu kwa mfalme. Hana ugomvi na mfalme, yu tayari kusema hivyo mbele ya watu wote, lakini kuapa hakubali. Basi kosa limekwisha patikana.

Hivyo ndivyo alivyoshikwa Margaret Fell, mjane wa jaji, ambaye nyumba yake ya Swarthmoor huko kaskazini ilikuwa ndiyo kitovu cha Marafiki. Mwaka 1664 alishtakiwa kwa kukataa kuapa, akahukumiwa mali yake yote iingie mikononi mwa mfalme na yeye mwenyewe afungwe mpaka mfalme atakapopenda. Alikaa katika ngome ya Lancaster miaka ipatayo minne. Mwaka mmoja baada ya kutoka aliolewa na Fox, ambaye naye alikuwa ametoka katika jela kwa sababu hiyo hiyo.

Jela ina siku ya kutoka. Lililowauma Marafiki zaidi ni kwamba mtu asiyeapa hakuwa na neno mahakamani. Akiibiwa hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mwizi. Akidai deni hawezi kulithibitisha. Baba yake akifa na kuacha wasia, hawezi kusimama kuusimamia. Hawezi kushika kazi ya serikali. Msomaji wa Pwani ataielewa hali hii upesi, maana katika fikihi tuliyorithi ushahidi wa mtumwa haukukubaliwa, na ndiyo maana neno letu "muungwana" limebeba maana mbili: mtu asiyekuwa mtumwa, na mtu ambaye neno lake ni neno. Marafiki walijitoa wenyewe katika uungwana wa kisheria kwa ajili ya kuulinda huo uungwana wa pili.

Walivumilia hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1696 Bunge la Uingereza liliwakubalia wathibitishe badala ya kuapa, ingawa katika kesi za jinai ushahidi wao wa namna hiyo haukupokewa mpaka mwaka 1828. Mwaka 1832 Rafiki mmoja mfanya biashara, Joseph Pease, alichaguliwa kuwa Mbunge. Alipofika mwaka 1833 na kukataa kuapa, Bunge liliunda kamati ya kutafuta kama haki hiyo inamfikia hata yeye, na mwisho akaruhusiwa kukalia kiti chake kwa kuthibitisha. Huo ndio mwaka ambao Bunge hilo lilipitisha sheria ya kuondoa utumwa katika makoloni yake. Tulikumbuke jina la Pease. Mwaka 1888 haki ya kuthibitisha ikatolewa kwa kila mtu nchini humo, na kwa njia ya sheria za Kiingereza ikafika mpaka kwetu.

Wakati wakipigania neno lao mahakamani, Marafiki walikuwa wakilijaribu dukani. Fox aliwafundisha kwamba kumtajia mtu bei usiyoikusudia ni uongo, kwa hivyo bidhaa iwe na bei moja, kwa tajiri na kwa maskini. Mwanzoni wateja waliwakimbia, maana nani atanunua mahali pasipopatanwa? Baadaye watu wakaona kwamba hata mtoto mdogo akitumwa kwa Rafiki hurudi na kipimo sawa na chenji sawa, na maduka yao yakajaa. Mwenye kufilisika kwa kuchukua madeni asiyoweza kuyalipa alichunguzwa na wenziwe na aghalabu akatengwa. Mume wa Elizabeth Fry, mwanamke aliyesifika Ulaya nzima kwa kuwahurumia wafungwa, alitengwa baada ya benki yake kuanguka mwaka 1828, na sifa za mkewe hazikumwokoa.

Uaminifu huo ukaleta mali. Benki ya Barclays, ambayo Wakenya waliijua kwa jina hilo mpaka mwaka 2020 ilipokuwa Absa, ilianzishwa London na Marafiki mwaka 1690. Kadhalika viwanda vya chokoleti vya Cadbury, Fry na Rowntree vilitoka katika familia za Marafiki. Na hapa ndipo hadithi inapokuwa nzito, maana mtu maskini anayeshika ahadi ana jambo moja la kushinda, na tajiri ana mengi. Barclays iliyotozwa faini ya pauni milioni 290 mwezi wa Juni 2012, kwa kutoa takwimu za uongo katika kupanga riba za mabenki, haikuwa tena mali ya Marafiki, basi tusiwabebeshe mzigo huo. Lakini iko mizigo ambayo ni yao.

Mkubwa kuliko yote ni wa Pennsylvania. Mwaka 1681 William Penn, Rafiki mwenye jina kubwa, alipewa na Charles II eneo kubwa la ardhi Amerika kwa ajili ya deni ambalo mfalme alikuwa akidaiwa na baba yake. Penn alifika huko mwaka 1682. Kinyume na walowezi wengi, hakuiona hati ya mfalme kuwa inatosha. Alikaa na Walenape, wenyeji wa nchi hiyo, akapatana nao na kuwalipa kwa ardhi aliyoichukua. Mapokeo yanasema walikutana chini ya mti mkubwa mahali paitwapo Shackamaxon. Haikusalia karatasi ya mapatano hayo, na hakuna aliyeapa. Mwandishi wa Kifaransa Voltaire aliyasifu baadaye kuwa ndiyo mapatano ya pekee baina ya wenyeji na Wakristo ambayo hayakuapiwa wala hayakuvunjwa.

Voltaire alisifu mapema mno. Penn alikufa mwaka 1718 na mali ikaenda kwa wanawe. Mmoja wao, Thomas, alikuwa na madeni na alihitaji ardhi ya kuuza. Yeye na wakili wa mambo ya familia hiyo, James Logan, ambaye alikuwa Rafiki, wakatoa nakala ya hati waliyosema ni ya mwaka 1686, isiyokuwa na sahihi zinazotakiwa. Hati hiyo, walisema, iliwapa akina Penn ardhi kwa urefu ambao mtu anaweza kutembea kwa siku moja na nusu. Wazee wa Kilenape, wakisikia kwamba ni ahadi ya baba zao, hawakutaka kuonekana wanaivunja. Wakakubali, wakidhani ni mwendo wa mtu na mwenziwe: kutembea, kupumzika, kuwinda kidogo, kula na kuendelea.

Alfajiri ya tarehe 19 Septemba 1737 walikuta mambo mengine. Vijana watatu wenye mbio walikuwa wamekodiwa na kuahidiwa ardhi na fedha. Njia ilikuwa imekwisha fyekwa porini. Farasi waliwafuata na vyakula. Walenape waliokuja kushuhudia walilalamika njiani kwamba huku si kutembea bali ni kukimbia, kisha wakaondoka. Wawili kati ya vijana hao walishindwa, lakini wa tatu, Edward Marshall, adhuhuri ya siku ya pili alikuwa amekwenda zaidi ya kilomita 100. Hata hapo haikutosha. Wapima ardhi badala ya kuvuta mstari mfupi kwenda mtoni waliukata kwa pembe iliyokwenda mbali zaidi, na hivyo Walenape wakapoteza ekari zipatazo milioni 1.2.

Hebu tazama namna udhalimu huo ulivyofanyika. Hapakuwa na kiapo kilichovunjwa, na mtu angaliweza kusimama mahakamani na kuthibitisha kila neno: siku ni moja na nusu, mtu ni mmoja, na alikwenda kwa miguu. Kilichouawa ni maana. Msomaji wa Kilifi, Kwale au Lamu, ambako wazee wangali wanasimulia jinsi mashamba ya babu zao yalivyokwenda kwa karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Thomas Penn baadaye aliiacha njia ya Marafiki akaingia Kanisa la Kiingereza, na Marafiki wa mjini Philadelphia hawakunyamaza wote. Mwaka 1756 mkuu mmoja wa Kilenape, Teedyuscung, alisimama katika mkutano huko Easton na kutaja waziwazi kwamba ardhi ile ilichukuliwa kwa hila, na Rafiki tajiri, Israel Pemberton, pamoja na wenziwe walimuunga mkono dhidi ya serikali ya akina Penn. Ardhi haikurudi. Katika karne hii ya 21 wazao wa Walenape waliipeleka kesi hiyo mahakamani Marekani. Mahakama ikasema kwamba Penn alikuwa na mamlaka ya kuutwaa mji na ardhi hata kama alitumia hila, na mwaka 2006 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikakataa kuisikiliza.

Mzigo wa pili ni wa chokoleti. Mwaka 1901 William Cadbury alipata habari kwamba kakao ambayo kampuni yao ilikuwa ikinunua kwa wingi kutoka kisiwa cha São Tomé, koloni la Wareno, ilikuwa ikilimwa na watu waliotolewa Angola kwa nguvu. Kwenye karatasi hawakuwa watumwa. Kila mmoja alikuwa na mkataba wa miaka mitano, uliosomwa mbele yake na ofisa wa serikali. Ila hapakuonekana mtu aliyemaliza mkataba huo akarudi kwao.

Cadbury waliuliza, wakaandika barua, wakaonana na wakubwa wa Kireno, na mwaka 1905 wakampeleka mtu wao, Joseph Burtt, akaone kwa macho yake. Burtt alithibitisha kwamba ni utumwa. Muda wote huo kakao iliendelea kununuliwa, kwa hoja kwamba mnunuzi ana sauti ambayo mtu aliyejitoa hana. Mwaka 1908 gazeti la Standard la London (si la hapa kwetu) likawashambulia kwa unafiki: wema kwa wafanyakazi wao wazungu wa Birmingham, na kimya kwa weusi wa São Tomé. Waliacha kununua Machi 1909, wakalishtaki gazeti kwa kuwavunjia heshima, na kesi ikasikilizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka huo. Wakili wa gazeti, Edward Carson, alimbana William Cadbury kizimbani kwa maswali juu ya miaka hiyo minane. Juri wakaamua kwamba Cadbury wameshinda. Kisha wakawapa fidia ya farthing moja, yaani robo peni.

Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa na akili. Hawakuwa waongo, na gazeti lilikuwa na chuki za kisiasa. Lakini miaka minane ni mingi kwa watu waliokuwa wakifundisha kwamba jibu la swali ni moja kati ya mawili.

Tuje sasa Pemba, na kwa jina lile la Pease. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Ilitangazwa Ulaya kwa shangwe. Lakini mtumwa hakuwa huru kwa amri hiyo peke yake. Ilimlazimu afike mwenyewe mbele ya korti na kuuomba uhuru wake, na mwenyewe akalipwa fidia. Masuria walitolewa kabisa katika ahadi hiyo. Katika Bunge la Uingereza mmoja wa waliokuwa wakiichokonoa serikali juu ya jambo hili ni Joseph Albert Pease, mjukuu wa yule Pease aliyekaa Bungeni bila ya kuapa.

Mwaka huo huo wa 1897 Marafiki wa Kiingereza walinunua shamba la mikarafuu huko Banani, karibu na Chake Chake, na mkuu wa kazi hiyo akawa Theodore Burtt. Nia yao ilikuwa kuonyesha kwamba karafuu zinaweza kuchumwa na watu wanaolipwa ujira wao. Wenye mashamba wengi walikuwa wakisema haiwezekani, kwamba mtu akiachwa huru hatafanya kazi. Kwa upande wa dini hawakuvuna wengi, maana Pemba ilikuwa ya Waislamu na imebaki hivyo hivyo. Wala wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba kumwacha huru mtumwa ni jambo la thawabu, kwani lilikuwamo katika kafara ya viapo vyao wenyewe. Bali kwa mtu aliyetoka kortini na cheti cha uhuru, asiye na shamba wala jamaa, haja ya kwanza ilikuwa ni mahali ambapo akiambiwa atalipwa mwisho wa wiki, mwisho wa wiki analipwa.

Masuria walingoja zaidi. Amri iliyowaingiza na wao ilitoka mwaka 1909, mwaka ule ule wa robo peni ya Birmingham, miaka 12 baada ya shangwe za kwanza.